Nyanya wa Nyimbo za Mwezi

Koo lake alilitunza kama watu wanavyotunza mgonjwa wa nyumbani. Maji baridi hakunywa, hata Julai, wakati bomba la Doha linapotoa maji ambayo ungeweza kuyatia majani ya chai moja kwa moja. Kila alipoingia mahali penye kiyoyozi, na mji mzima huu ni kiyoyozi, alijizungushia shali shingoni mara mbili, kisha akalikodolea macho lile tundu la hewa kwenye dari, kama anayemtambua mtu aliyewahi kumtapeli. Mkobani alibeba tangawizi mbichi iliyokatwa vipande, imefungwa kwenye nailoni, na ukikaa karibu naye ilibidi utafune nawe. Mimi si mwimbaji, wala sina mpango huo. Nilitafuna.

Jengo zima tulimwita Nyanya. Wahindi wa ghorofa ya juu walimwita hivyo hivyo wakidhani ndilo jina lake la pasipoti. Mimi ni mtu wa Voi, nahudumu katika ukumbi wa chai wa hoteli moja ya huku mjini, na wakati huo nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Najma, kwenye jengo la zamani lenye fundi wa simu chini na harufu ya bizari kwenye ngazi. Yeye alikaa mlango unaotazamana na wangu, kwa binti yake, nesi, aliyemleta kutoka Kenya aje amsaidie kulea wajukuu.

Sauti yake niliisikia kabla sijamjua. Nilikuwa zamu ya alfajiri, narudi nyumbani jua likiwa kali, nalala. Na katika ule usingizi wa mchana, ambao si usingizi hasa, mtu anaelea tu, nikawa namsikia mwanamke anaimba Kiingereza mbali sana, taratibu, na pazia linapumua dirishani. Kwa siku kadhaa nilidhani naota. Mwishowe nikaamka, nikafungua mlango na shuka langu mwilini, na kumbe ni bibi wa jirani, ameketi kwenye ngazi, viatu amevua, amefumba macho, anaimba habari za mwezi. Ngazi za jengo lile zilikuwa na mwangwi kuliko bafu lolote. Mlango wa juu ulikuwa wazi kidogo, na wa chini vilevile, na hakuna mtu aliyethubutu kutoka. Aliponiona hakushtuka hata chembe. Aliniuliza kama nimekula.

Nyimbo zenyewe zilikuwa za Kimarekani za zamani, za enzi za santuri, zile ambazo ndani yake lazima kuwe na mwezi, au mvua, au mtu aliyepanda treni bila kuaga. Ujanani alikuwa akiziimba na bendi za hoteli za kitalii huko Mombasa, na alizijua nyingi kupita kiasi. Marekani kwenyewe hakuwa na hamu nako. Nilipomwuliza kama angependa kufika, alisema amekwisha kaa huko miaka mingi, tena bila viza.

Kiingereza chake cha kuongea kilikuwa cha kwetu, kinachokanyaga kila herufi. Akianza kuimba kilibadilika, kikawa laini, kikateleza, ukajiuliza huyu ni yule yule aliyekuwa akigombana na muuza samaki sasa hivi? Na alikuwa mgomvi, tusidanganyane. Samaki wa soko la hapa aliwasema mbele yao. Aligombana na lifti. Aligombana na mjukuu wake mkubwa kuhusu soksi. Kisha akafunga mlango, akavua viatu, akafumba macho, na ule ugomvi wote ukatoka mwilini mwake.

Bila kuvua viatu hakuimba. Alisema sauti huanzia kwenye nyayo, na anayeimba na viatu anaimba kutoka magotini kwenda juu tu, nusu mtu. Kabla ya kuimba aliomba, kwa dhati, mikono kifuani. Hilo lilinishinda. Siku moja nikamwuliza Mungu anahusika vipi na wimbo wa mwanamke anayemlilia bwana wa mtu. Akanijibu kwamba Mungu amesikia mabaya kuliko hayo, tena kanisani, tena yakiimbwa vibaya.

Lakini msidhani jambo hili lilikuwa jepesi kwake. Nyanya alikuwa mwanamke aliyeokoka, na kwa wale wa ushirika wake, kuokoka kuna utaratibu. Alipoacha hoteli, bado mbichi, sauti ikiwa kileleni, alisimama mbele ya kanisa akatoa ushuhuda, akazikana nyimbo za dunia moja baada ya nyingine kwa majina yake, na gauni lake la kuimbia, la hariri, likachomwa moto uani huku akina mama wakiimba pambio. Alinisimulia bila kinyongo. Alisema lilichukua muda kuungua, na likaacha zipu. Tangu siku hiyo hakuimba tena wimbo ambao hauna Yesu ndani yake, mpaka akazeeka, mpaka akaletwa Doha, mpaka akazikuta ngazi zile zenye mwangwi na mchana mrefu usio na mtu.

"Nilipanda na mfuko wa vitunguu," akaniambia. "Nikakohoa. Ngazi zikanijibu vizuri. Basi."

Binti yake hakujua. Nyanya aliimba binti akiwa kazini, watoto wakiwa shuleni, na mimi nikawa mshirika wa siri nisiyeombwa. Yule dada alikuwa mtu mwema, mchapakazi, mwenye uso wa kuchoka na mikono inayonukia sabuni ya hospitali. Kwenye ushirika ndiye aliyeongoza kwaya. Mtoto wa nyoka ni nyoka, sauti alikuwa nayo, nzito na safi, ila aliitoa kwa kipimo, kama dawa.

Mambo ya hoteli yalianza kwa bahati. Siku yangu ya mapumziko nilimchukua Nyanya nikampeleka kwenye ukumbi wetu wa chai, aone ninapofanyia kazi, anywe kitu cha moto chini ya kiyoyozi cha adui. Ilikuwa alasiri ya vumbi. Nje hapakuwa na ghuba wala barabara, kulikuwa na rangi moja tu ya maziwa yaliyotiwa chai, imejaa madirishani mpaka juu, na wageni wachache wakiongea kwa sauti za chini kama watu waliokwama mahali pazuri. Mfilipino wetu wa piano alikuwa akicheza mambo yake ya kila siku, yale ambayo hakuna anayeyasikiliza. Akaingia kwenye wimbo mmoja wa zamani. Nyanya akaweka kikombe chini. Nikamwona anavua viatu chini ya meza.

Aliimba pale pale alipokuwa ameketi, si kwa nguvu. Mfilipino aligeuka, akamtafuta kwa macho, akampata, na akapunguza mwendo ili amngoje. Sijui niseme nini kuhusu dakika zile. Mhudumu mwenzangu alisimama na trei akasahau anaipeleka wapi. Sauti yake haikuwa tena ya msichana, ilikuwa na mikwaruzo na mashimo, na mahali pa kupanda juu sana hakupanda, aliyasema tu maneno, polepole, na ilikuwa afadhali kuliko kupanda. Alipomaliza, meneja wetu, Mlebanoni asiye na masihara, alikuwa amesimama mlangoni anajifuta macho kwa leso, akisema ni vumbi.

Ndivyo alivyorudi kuimba mbele za watu. Alasiri moja kila wiki. Mshahara hakupewa, kwa kuwa kibali chake cha kukaa ni cha mzazi, si cha kazi, na meneja hakutaka matata. Alikuwa mgeni wa heshima. Alipewa chai, keki na teksi ya kumrudisha, na akaridhika, ila keki aliisema.

Nguo ilimsumbua kichwa. Gauni refu la kuimbia linauzwa Doha bei ya kumtoa mtu jasho, na yeye alitaka kitu kinachoburuzika sakafuni, hilo hakulegeza. Mwisho tukaenda maduka ya abaya, mabaibui ya Waarabu, ya huku kwetu Najma, akachagua moja nyeusi yenye shanga mikononi na mgongoni. Basi mama wa ushirika, aliyeokoka, akaimba mapenzi ya Kimarekani akiwa ndani ya abaya. Mabibi wa Kiarabu waliokuja kunywa chai na wajukuu wao walimwita hajja, wakamshika mikono na kumwambia mashallah. Yeye aliwaitikia tu. Mimi nilimwambia anawadanganya watu. Akasema hajamwambia mtu yeyote kwamba amewahi kufika Maka.

Wakati wa nyimbo zile palikuwa na kitu kilichotokea kwenye ukumbi ambacho nimekikumbuka mara nyingi nikiwa kitandani. Saa zililegea. Wageni walisahau simu zao. Mwanga wa jioni ulikuwa ukiingia kwa pembeni, wa rangi ya asali, na yeye akiwa katikati yake peku, macho amefumba, ungesema hakuwa na umri wowote, wala hakuwa na mtu yeyote duniani. Nilimpenda sana nyakati zile, na nilimwogopa kidogo.

Habari zikafika kwenye ushirika. Zingekosaje kufika? Wakenya tuko kila hoteli, kila lango, kila wodi ya mji huu. Ijumaa, maana hapa Ijumaa ndiyo Jumapili yetu, wazee wa ushirika wakamwita, wakamwuliza, naye hakukana. Wakamweka chini ya nidhamu. Maana yake ni kiti cha nyuma: huongozi sala, huimbi mbele, meza ya Bwana inakupita, mpaka utubu. Binti yake siku hiyo aliongoza kwaya akiwa na uso mkavu kabisa. Nyanya alikwenda kukaa nyuma na tangawizi yake, akaniambia baadaye kwamba kiti kile hakina ubaya, kiko mbali na kiyoyozi.

Kisha akina mama wa ushirika wakaamua kwenda kumtoa. Walikuja hotelini wanne, wamevaa nguo za ibada, wakakaa meza ya karibu na mlango, wakaagiza chai moja. Mimi ndiye niliyewahudumia. Mpango wao, nilivyokuja kuelezwa, ulikuwa wamngoje amalize wimbo wa kwanza, wamshike mkono kwa upendo, watoke naye. Sasa, mama Mkenya aliyelelewa kanisani ana udhaifu mmoja. Hawezi kusikia wimbo wa polepole unaozunguka akauacha peke yake. Nyanya aliimba kiitikio mara ya kwanza, nikamwona mmoja wao anatikisa kichwa. Mara ya pili, nikasikia sauti ya pili imeingia, chini chini, ya mtu asiyejua kwamba anaimba. Mara ya tatu wote wanne walikuwa ndani, na mmoja, mnene, mwenye kilemba cha zambarau, alikuwa ameshika besi. Ukumbi ulijaa. Wimbo wa mwanamke aliyeachwa kwenye mvua ukapanda mpaka darini ukiwa na sauti zote nne za kwaya, na ulipokwisha, yule wa kilemba akatoa Amina moja iliyosikika mpaka mapokezi. Wageni wakapiga makofi. Akina mama wakatazamana.

Nyanya alicheka mpaka akashika meza. Ijumaa iliyofuata, nani angemshtaki mwenzake? Walikwenda wenyewe kukaa kiti cha nyuma, mstari mmoja, na mzee wa ushirika akasimama mbele akiwatazama bila kujua aanzie wapi. Nidhamu ile ilikufa kifo chake hivyo, kimyakimya.

Ila mmoja hakucheka, na ndiye peke yake Nyanya aliyemjali. Binti yake hakumgombeza. Aliacha kuongea naye. Alipika, akafunika chakula, akaandika karatasi ya dawa za presha akaibandika kwenye friji, akaenda kazini. Nyumba yao ikawa na unadhifu wa kutisha. Nyanya aliniambia, akichambua mchele, kwamba hana haja ya kusifiwa na mabibi wa chai. Kitu anachotaka ni kimoja, binti yake aje siku moja tu amsikie. Hata kama atachukia, achukie alichokisikia. Na alijua hana muda mwingi. Pumzi ilikuwa imeanza kumwacha katikati ya mistari, alikuwa akiimeza akijifanya ni mtindo, na Mfilipino wa piano alikuwa akimzibia mapengo kwa vidole.

Nikajitia kimbelembele. Nilimngoja yule dada kwenye ngazi akitoka zamu, nikamwambia, dada, hebu nenda mara moja tu, mama ni mmoja. Nilidhani atanijibu mambo ya wokovu. Akaketi kwenye ngazi, na soksi zake zile za kubana za manesi, akaniambia kwamba alipokuwa mdogo walikaa na shangazi yake, na yeye alimwita huyo shangazi Mama. Yule mwingine alikuwa mtu wa kulala mchana, kisha kujifungia chumbani kufanya mazoezi, kisha manukato, kisha teksi. Akirudi kunakucha. Siku moja mwalimu aliuliza darasani mama zenu wanafanya kazi gani, naye akasimama akasema mama yake ni mshonaji, maana shangazi alikuwa mshonaji, na hakujua kwamba amesema uongo.

"Kanisa lilichoma gauni," akasema. "Mimi ningechoma hoteli."

Kisha akaniuliza kama mama yake hotelini anakunywa maji ya moto au wanampa tu lolote. Nikamwambia ni ya moto, nayapeleka mwenyewe. Akainuka akaingia ndani.

Hakwenda. Wiki zilipita, hakwenda. Baadaye walihamia Muaither, kwenye nyumba yenye nafasi zaidi, na safari ya kuja mjini ikawa ndefu, na siku moja Nyanya akasimama mbele ya piano, akafumba macho, akafungua mdomo, na pumzi haikuja. Akasubiri. Mfilipino akarudia mwanzo, akarudia tena. Nyanya akafumbua macho, akatutazama sote kwa adabu, akavaa viatu vyake. Daktari alisema ni moyo, dawa zipo, kuimba hapana.

Nilikwenda kumuaga kabla hajarudishwa Kenya. Nilifika Muaither alasiri, mitaa imelala, kuta ndefu nyeupe na paka kivulini, na nikapotea mara mbili kwa sababu nyumba zote zinafanana. Nilimkuta sebuleni kwenye kiti cha mkono, shali shingoni, amekonda. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Aliniuliza kama nimekula. Binti yake alikuwa mezani pembeni yetu anakata sukuma wiki, nyembamba sana, vile tu wanavyoweza akina mama wa kwetu, na kisu kikienda bila yeye kukitazama. Watoto walikuwa nje.

Tuliongea mambo madogo madogo. Meneja anakusalimu. Mfilipino amepata mtoto. Nikasema, ili kumchangamsha, kwamba mabibi wa chai bado wanauliza hajja yuko wapi. Alitabasamu, akafumba macho, na nikajua amekwenda kule kwake, kwenye mwezi na mvua. Aliporudi hakunitazama mimi.

"Mama," akamwambia binti yake, maana ndivyo alivyomwita tangu binti akiwa mtoto. "Nilitubu nyimbo mbele ya watu wote. Nyimbo hazikuwa na kosa."

Kisu kiliendelea.

"Kosa ni kwamba nikishaanza kuimba, sikukumbuka kama nina mtoto. Sikukumbuka hata kidogo. Nilikuwa na raha. Hilo sijawahi kumwambia mtu, hata Mungu nilimficha." Alipumzika kutafuta pumzi. "Na hapa Doha imekuwa vilevile. Nataka uje unisikie, kisha nikifumba macho sikumbuki kama hukuja."

Nilitaka ardhi ipasuke. Nilitazama zulia. Yule dada aliweka kisu chini, akakusanya mboga kwa viganja vyake viwili, akazitia kwenye bakuli, hakumwaga hata jani.

"Najua, Mama," akasema. "Nilikuwa nje ya mlango wako. Kila siku ukifanya mazoezi nilikuwa pale sakafuni, shangazi akidhani niko uani. Mwanzoni ulikuwa unaimba tu, kama mtu yeyote. Unakohoa, unarudia. Mimi nakaa kimya, sibishi hodi, nangoja unisahau. Maana ukishanisahau ndipo sauti inakuja."

Nyanya akamnyooshea mkono, na yule dada akaja akaketi chini kando ya kiti, kichwa chake kwenye goti la mama yake, mikono bado ina maji ya mboga.